Sikio la Kifaru

Huenda nawe, mpenzi mtahiniwa, unadhani kuwa picha nzuri ya mnyama hungoja jua. Nami nilidhani hivyo. Julai ya mwaka niliokuwa kidato cha tatu, chama chetu cha mazingira kilizuru Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Waijua Nairobi ya Julai: baridi ya kupenya mifupani na wingu zito lililotanda tangu asubuhi. Nilikuwa nimembembeleza mjomba wiki nzima aniazime kamera yake, na nilipolitazama anga moyo ulininywea.

Mlezi wa chama aliniambia nisisononeke. Jua likiwa kali, alisema, mgongo wa mnyama humeremeta hadi ukawa mweupe, huku macho yakizama kivulini. Wingu ni kama shuka nyeupe iliyotandazwa mbele ya taa. Huutawanya mwanga ukamfikia mnyama kutoka pande nyingi.

Yapata saa nne tulimkuta kifaru mweusi kando ya njia, akitafuna matawi kwa ule mdomo wake wa juu uliochongoka. Kushuka garini ni marufuku, basi nikaegemeza kamera dirishani na kumwomba dereva azime injini. Anga la siku kama hiyo ni karatasi tupu; ukiliingiza pichani, jicho la mtazamaji hukimbilia huko. Kwa hiyo niliinamisha lenzi hadi nyuma yake pakabaki vichaka tu. Nikalenga jicho, kwani pembe ikionekana wazi na jicho likawa na ukungu, picha haifai. Alikuwa akitazama kushoto, nikamwachia nafasi upande huo asionekane kama amegonga ukuta. Kisha, mwanga ukiwa hafifu, lenzi hukaa wazi muda mrefu zaidi, na mnyama akitikisa kichwa tu picha huvurugika. Nikapandisha namba ya ISO na kukubali chengachenga kidogo.

Nilipiga picha 41. Moja ilikuwa ya kujivunia.

Kosa langu nililifanya nyumbani, mbele ya kompyuta. Mwanzoni nilikwenda vizuri. Mwanga wa mawingu huipa picha usamawati wa baridi, nikaongeza umanjano kidogo. Nikazidisha tofauti ya weusi na weupe ili mikunjo ya ngozi ijitokeze. Nikakata ukingo uliokuwa na nusu ya tawi. Ningeinuka hapo! Lakini sikio la kulia lilikuwa na mapengo mawili, mithili ya karatasi iliyotafunwa na panya, nami nikaona yanaharibu sura. Nikanakili ngozi ya kando, nikayaziba. Kazi ya dakika 5.

Picha ilitundikwa ukumbini siku ya wazazi. Askari wa wanyamapori aliyealikwa kuzungumza nasi alisimama mbele yake kwa muda, kisha akauliza ni ya nani. Nikajitokeza nikitarajia sifa.

"Mwanangu, huyu ulimwona wapi hasa?"

Nikamweleza. Akatoa daftari.

"Kifaru mkubwa hivi, hana alama hata moja masikioni! Ngoja niwapigie simu wenzangu."

Ndipo alipotueleza kuwa mapengo yale hukatwa na wahifadhi wenyewe, kila kifaru na mpangilio wake. Kwa alama hizo hujua nani ameonekana na nani ametoweka, maana majangili huwaua kwa ajili ya pembe. Hebu jiweke mahali pangu: wazazi wamejaa, mama yangu yuko safu ya pili, na afande keshaishika simu. Ningenyamaza, watu wangetumwa kumtafuta kifaru asiyekuwepo.

"Samahani, afande. Lile sikio nililiziba mimi."

Minong'ono ilisikika. Mama aliinamisha uso. Afande hakunikaripia, aliomba kuiona picha ya asili, ambayo kwa bahati njema sikuwa nimeifuta kwenye kamera. Akalitazama lile sikio, akafunga daftari.

"Huyu namjua," akasema, na sauti yake ikalegea.

Usiku ule niliihariri upya: rangi, tofauti, ukingo, basi. Mama ameitundika sebuleni, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuuliza ni nini kilichomtafuna kifaru yule sikio.