Mizani na Kina, Mpanda

Mtu wa mwambao akilisikia neno mizani hukumbuka shairi: silabi kumi na sita za mshororo, nane kwa nane, na kina kikilia mahali pake. Mwanafunzi wa Mpanda, huko magharibi ya bara, hukutana na mizani nyingine, ile ya maabara, kama skuli yake imejaaliwa kuwa na maabara. Zote mbili zina ukali mmoja: hazimsamehe mtu kwa nia yake njema.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Miaka saba katika skuli ya msingi ya serikali mtoto amefundishwa kwa Kiswahili kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akiingia Kidato cha Kwanza, jani ni lile lile la mninga wa nyuma ya nyumba yao. Lugha ndiyo iliyohama. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na neno kama usanisinuru lingependeza hata katika utenzi, lakini mtihani wa Kidato cha Nne haumuulizi kwa neno hilo. Basi hukariri. Akariripo, hufaulu kidogo na kuelewa kidogo zaidi.

Hata hivyo taabu hiyo ina thamani, na Mpanda yenyewe yaonyesha. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Walioyajua mawe hayo kwa kemia walitoka mbali. Leo wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu. Huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, zebaki ikaishika dhahabu, kisha donge likachomwa. Dhahabu hubaki, zebaki hupanda mvuke usioonekana wala kunuka. Mwenye kuuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, akadhani ni uchovu, au karogwa. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba zebaki ni metali iliyo majimaji kapewa nusu ya habari. Aliyefahamu kwa nini inageuka mvuke hurudi nyumbani na neno la kumwambia mzazi wake, kwa adabu: "Baba, tusichomee jikoni, watoto wamo." Neno hilo lina uzito kuliko alama za mtihani.

Kisha upo mto Katuma, unaoingia katika Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kiangazi viboko hubanana katika madimbwi ya tope yaliyosalia. Wazee husimulia mzimu wa Katabi na mkwaju wake kando ya ziwa, na simulizi hiyo haifai kudharauliwa, kwani imewafundisha watu kuyaheshimu maji. Lakini ugomvi wa maji, mpunga unaomwagiliwa juu na mnyama anayengoja chini, hauamuliwi kwa simulizi peke yake. Huhitaji hesabu: upana wa mto mara kina chake mara mwendo wake. Kwa hayo chatosha kijiti, kamba, saa na kipande cha mti kielee. Wanafunzi wawili, mbali na viboko, huweza kukadiria maji yapitayo kwa sekunde moja, wakaandika tarakimu hiyo daftarini chini ya ile ya mwezi uliopita, wakaona tofauti.