Kuuliza kama Croesus

Katika historia tulisoma juu ya Delphi, muji mutakatifu wa Wagiriki wa zamani. Walisema kwamba Zeus aliachilia tai wawili toka miisho ya dunia, wakakutana pale. Basi njo kitovu cha dunia. Watu walipanda mulima kwenda kuuliza mungu wao Apollo, na mwanamuke aliyeitwa Pythia aliwajibu.

Croesus, mufalme wa Lydia, aliuliza kama apigane na Wapersia. Akajibiwa kwamba akipigana, ataharibu ufalme mukubwa. Akafurahi, hakuuliza ufalme gani. Karibu mwaka 546 mbele ya Kristo, ufalme wake mwenyewe njo uliharibika.

Mimi kapita wenu nilifanya vile vile. Kalamu yangu ilipopotea, niliuliza wenzangu: «Ni ule mutoto wa mwaka wa kwanza, sivyo?» Wakasema ndiyo. Nikaandika jina lake, akalima shamba la masomo siku tatu. Kisha nikaona kalamu chini ya godoro langu.

Kwenye hekalu la Delphi iliandikwa: Ujijue mwenyewe. Ndugu mudogo, unisamehe. Ninaomba mbele ya wote.