Kunyumbuka, Kunyambuka na Kandanda ya Jioni Garissa

Vitenzi nyumbuka na nyambuka vinatenganishwa na irabu moja tu. Cha kwanza ni kupindika au kuvutika pasi na kukatika. Cha pili ni kuchanika, mithili ya nyama iliyoiva inapoachana na mfupa. Sisi wanafunzi wa sarufi tumekizoea hiki cha pili kwa sababu ya mnyambuliko wa vitenzi, hata tukasahau kwamba kiini chake ni kuraruka. Wanakandanda wa Garissa hawajasahau, maana wao hunyambuka kwelikweli.

Jua la Garissa haliruhusu kandanda ya mchana. Mji uko kando ya Mto Tana, mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na joto la alasiri aghalabu hukaribia au kupita nyuzi 35. Kwa hiyo mchezo huanza saa kumi na moja, ukakatizwa na adhana ya magharibi. Kwa ufinyu wa muda huo, hakuna anayetaka kuupoteza kwa kunyoosha viungo. Mtu hutoka dukani au kwenye bodaboda, akavua viatu vya kazi na kuingia uwanjani mbio. Uwanja wetu wenyewe ni mchanga upande mmoja na udongo mgumu kama saruji upande wa pili, na miiba ya mathenge kotekote.

Timu hizi za jioni huchanganya umri. Mvulana wa miaka 14 hukabana na baba wa miaka 45, na yeyote kati yao akianguka, neno ni moja: "Ameteguka." Neno moja huleta tiba moja, yaani maji moto, mafuta na kukandwa kwa nguvu. Hapa lugha inageuka suala la afya. Kuteguka ni jambo la kiungo, pale kano zinazoshikilia mifupa zinapovutwa kupita kiasi. Msuli uliochanika ni jambo jingine, na ufa wa mfupa ni jingine kabisa. Kuukanda msuli uliochanika papo hapo huzidisha kuvuja kwa damu ndani yake, sembuse kuukanda mfupa wenye ufa!

Katika timu yetu alikuwapo mshambulizi wa umri huo wa miaka 14, aliyerefuka ghafla na kuanza kuumwa chini ya goti. Wakubwa walimwita mvivu. Wengine walidai kwamba viungo vyake vimekauka, wakamkalisha chini na kumsukuma mgongo hadi kipaji cha uso kifike magotini, naye akalia. Hatimaye akaacha kuja. Mamaye alipompeleka kwa tabibu, niliandamana nao niwe mkalimani, kwani mama alikuwa na Kisomali na Kiswahili cha sokoni, ilhali tabibu alieleza nusu ya mambo kwa Kiingereza. Ilikuwa hali iitwayo Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza mwaka wa 1903. Katika umri wa kubalehe mfupa hurefuka kabla misuli haijaufikia. Msuli wa paja huvuta kwa nguvu pale kano inaposhika mfupa wa ugoko, mahali ambapo bado ni gegedu. Nilikosa istilahi, nikasema "mahali mfupa unapoota", na mama akaelewa mara moja. Kijana hakuhitaji kusukumwa mgongo. Alihitaji kupunguziwa mbio. Alirejea baada ya miezi mitatu, na bado huchechemea mchezo ukirefuka.

Wazee nao huamini kwamba adui yao ni ugumu wa viungo. Utafiti hauwaungi mkono moja kwa moja. Mwaka wa 2003, wachezaji 146 wa kulipwa nchini Ubelgiji walichunguzwa, ikabainika kwamba walioumia misuli ya nyuma ya paja walikuwa na misuli isiyonyumbuka vyema tangu kabla ya msimu. Lakini uchunguzi wa wanaume 306 nchini Aislandi, uliochapishwa mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba kilichobashiri jeraha la misuli hiyo ni umri pamoja na jeraha la awali. Mimi naegemea Aislandi. Tunaye mwalimu wa miaka arubaini na ushei ambaye, kwa rukuu na sijida za miaka yote hiyo, hugusa vidole vya miguu kwa urahisi kuliko vijana wetu. Amechanika paja lilelile mara tatu, na kila mara alirudi uwanjani kabla halijapona.

Mjini Lagos, vijana 416 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014, baadhi yao wakitumia mazoezi ya FIFA yaitwayo 11+: kukimbia, kuimarisha misuli na kusimama kwa mguu mmoja, bila kule kukaa chini na kujivuta. Majeraha ya waliofanya mazoezi hayo yalikuwa machache kwa asilimia 41. Yanachukua dakika 20. Nahodha wetu alikataa katakata, akisema adhana haimngoji mtu. Tukaafikiana dakika 10. Niliyafasiri maelezo kwa Kiswahili, na nilipotamka "kunyumbuka" waliangua kicheko, kwani walisikia "nyumbu". Siku hizi nahodha hupaza sauti, "Nyumbu!" na kila mtu, mwalimu akiwa mstari wa mbele na yule kijana nyuma yake, husimama kwa mguu mmoja.