Mukombero Si Dawa ya Chumbani Tu

Juzi, katika duka la virutubisho hapa Dallas, nilikuta mukombero, mzizi wa kwetu Kakamega, magharibi mwa Kenya, ndani ya chupa. Umesagwa, umetiwa kwenye vidonge, na kwenye lebo kuna mwanamume aliyetuna misuli hadi shingo imezama. Mondia whitei, wameandika, na chini yake ahadi za chumbani. Kakamega haikutajwa popote. Nikainunua, nikaifungua garini, nikanusa. Hakuna kitu.

Mukombero usionukia! Sisi tuliokulia kando ya msitu wa Kakamega tunajua mzizi huu hujitangaza kabla ya kuonekana. Panda nao matatu ya kule Shinyalu, aliyeketi kiti cha nyuma atakuomba kipande. Una harufu tamu ya vanila iliyochanganyika na udongo mbichi. Unatafuna gome, ule uti mgumu wa katikati unautupa. Kwanza ukali na uchungu kidogo, kisha utamu unaingia taratibu na kukaa mdomoni hata baada ya kunywa maji. Kukhu, bibi yetu, alitupa tukikosa hamu ya kula, au tumbo likivuruga. Wazee waliutafuna wakiamua kesi za mashamba, kina mama wakichambua mboga, nasi tukienda shule. Majani yake nayo huliwa kama mboga. Jirani zetu Waganda, ambao kwao ni mulondo, huutia unga wake kwenye chai.

Najua wachuuzi wetu wa Nairobi nao hukonyeza jicho wakimwona mwanamume. Lakini beseni lao lina tangawizi na njugu pia, na mwalimu wa kike atauziwa kwa bei ile ile. Mmea wa jamii nzima umefika huku ukapewa kazi moja. Na hata kazi hiyo haina uhakika wa kutosha: utafiti wa Cameroon wa mwaka 2001 ulionyesha dondoo la mzizi huu likipunguza uwezo wa panya dume kuzalisha, hadi walipoacha kupewa. Mwenye chupa hakuona haja ya kumwambia mnunuzi hayo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mizizi niliyofungiwa na senge, yaani shangazi, mara ya mwisho nilipotoka nyumbani ilitupwa pipani na afisa wa uwanja wa ndege. Chupa iko rafuni. Kule Kakamega, kwenye kipande pekee cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo kilichobaki Kenya, kijana akikutwa na jembe bila kibali anapelekwa kortini. Na siwatetei wachimbaji: anayeng'oa mizizi yote anaua mmea mama, na mahali tulipookota mukombero tukiwa watoto sasa mtu hutembea kutwa nzima bila kuuona. Lakini kijana huyo anachimba kwa sababu wanunuzi wapo, na sehemu kubwa ya fedha za wanunuzi hao haimfikii.

Dawa ni kuupanda mukombero. Unakubali shambani ukipata mti wa kuparamia, na ukichimba upande mmoja tu, ukafukia, unaendelea kuota. Kaka yangu ameuanzisha chini ya miparachichi yake, nami namtumia fedha za kitalu. Serikali ya kaunti itoe miche, na wenye viwanda vya vidonge waje wanunue kwa wakulima, wakiandika Kakamega kwenye lebo.