Deni la Mama

Paka wetu anaitwa Deni kwa sababu ndivyo alivyoingia nyumbani. Kulikuwa na jirani aliyekuwa akichukua chapati za mamangu kwa mkopo, leo mbili, kesho tatu, mpaka hesabu ikafika shilingi 450. Siku aliyohama alikuja mlangoni alfajiri, ameshika kitoto cha paka ndani ya mfuko wa unga. "Mama, pesa sina. Lakini huyu atakusaidia na panya." Mama alimtazama jirani, akamtazama paka, akanyoosha mkono. "Haya, lete deni langu." Jina likabaki hilo.

Tulikuwa tunaishi Mathare, hatua chache tu kutoka mtoni. Nyumba ya mabati, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande huu kitanda cha Mama, upande ule mimi na mpwa wangu wa miaka 6. Deni alilala miguuni pa Mama kila siku. Mama ana goti bovu, na alisema joto la yule paka linamsaidia kuliko dawa ya kupaka. Mimi sikumjali sana. Kwangu alikuwa mtego wa panya wenye kiburi.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, mvua ilinyesha kama imetumwa. Usiku wa manane nikasikia watu wakigonga mabati: "Maji! Amkeni, maji!" Nilipoteremsha mguu kutoka kitandani, ulizama mpaka kwenye kifundo. Kufikia wakati nimepata simu na kuwasha tochi, maji yalikuwa yanakaribia magoti, na masufuria yalikuwa yanaelea yakigongana.

Nilimbeba mtoto mgongoni. Nikamwambia Mama ashike bega langu tutoke. Hakushika.

"Shika Deni," akasema.

Hakusema nishike kitambulisho, wala pesa za chapati zilizokuwa kwenye kopo. Alisema nishike Deni.

Paka alikuwa juu ya kabati la vyombo, amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, masikio yamelala nyuma, macho yamegeuka meusi yote. Nilinyakua gunia la makaa, nikamkamata ngozi ya shingo na kumvuta. Nilikuwa napiga kelele. Mtoto alikuwa analia mgongoni. Nilimsukuma Deni kwenye lile gunia, kichwa kwanza, na hapo akaniuma chini ya kidole gumba, meno yakazama mpaka nikaona nyota. Nikamwachilia. Akaruka, akapenya kwenye nafasi kati ya ukuta na paa, akapotelea kwenye mvua.

"Wacha akufe!" nikasema.

Mama alinisikia. Alishika bega langu, tukatoka.

Tulipata hifadhi kwenye darasa la shule moja upande wa juu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, kisha kufunguliwa kukaahirishwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hivyo madawati yalirundikwa ukutani na familia zikatandika chini. Kufikia mchana mkono wangu ulikuwa umevimba kama andazi. Katika kituo cha afya nesi aliniuliza kama niliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Nilicheka. Maji yalikuwa mengi usiku ule, lakini si ya kuosha kidonda. Alinieleza kwamba jino la paka ni jembamba kama sindano, linaingiza uchafu ndani kisha ngozi inafunga juu yake, ndiyo maana kinavimba haraka. Nikapewa dawa, nikaanzishiwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo hata paka anaweza kuuleta, na ukishaanza kuonyesha dalili hauna tiba.

Niliporudi, Mama aliuliza nesi amesema nini. Nikamwambia. Akanyamaza. Alikuwa amekaa akitazama dirishani, sahani ya githeri iko kando, haijaguswa.

Siku ya tatu nilimpigia binti wa jirani yetu wa zamani anayesomea udaktari wa mifugo kule Kabete. Nilidhani atanicheka, watu wamepoteza watu wao na mimi nauliza paka. Hakucheka. Aliuliza swali moja: "Alikuuma tu hivi hivi, ama ulimlazimisha?"

Nikamweleza habari ya gunia.

"Si alikuwa amejificha? Paka akiogopa anataka kitu kimoja, mahali pa kujificha. Ukimnyima hapo anakimbia. Ukimzuia kukimbia anapigana. Ulimfungia milango yote, akabaki na meno."

Akanipa maagizo, nikayaandika nyuma ya karatasi ya dawa. Nitafute katoni, si gunia. Ndani niweke kitu cha Mama ambacho hakijafuliwa. Niende jioni, kelele zikipungua, kwa sababu paka aliyetishika hukaa karibu na kwao, kimya, amejibanza, na hutoka giza likiingia. Nisimwite kwa sauti kubwa. Nikimwona nisimkimbilie, niketi chini, nitazame kando, maana kumkodolea paka macho ni kumtangazia vita.

Mama alinipa leso aliyokuwa amejifunga usiku wa maji. Hakuuliza ni ya nini.

Mtaa ulinuka matope na choo. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, lakini mlango haukuwepo. Niliketi kwenye jiwe karibu na gorofa ya jirani, katoni imelala ubavu, leso ndani, na omena kidogo kwenye kifuniko cha kopo. Nilikaa muda mrefu mpaka makalio yakafa ganzi. Kisha chini ya ngazi za ile gorofa nikaona macho mawili.

Nilitaka kuruka nimkamate. Nikajizuia. Niligeuza uso, nikafumba macho polepole na kuyafumbua polepole, kama nilivyoambiwa. Nikaongea kwa sauti ya chini, upuuzi mtupu: bei ya unga, nani amepata godoro, nani bado. Deni alitoka akitambaa, tumbo likigusa ardhi. Alipita omena bila kuzinusa. Aliingia kwenye katoni, akasukuma kichwa ndani ya leso ya Mama, akatulia hapo. Nikafunga katoni taratibu. Sikupata hata mkwaruzo.

Darasani tuliweka katoni chini ya meza ya mwalimu, kwenye kona, mdomo wake ukiangalia ukuta, na kitambaa kikining'inia mbele. Kando kidogo nikaweka beseni la mchanga, na mbali na mchanga bakuli la maji. Kwanza nilimpangusa manyoya kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu paka hujilamba, na chochote alichokanyaga kwenye mafuriko kingeishia tumboni.

Washauri hawakukosa. Mmoja alileta maziwa. Nikashukuru nikampa mtoto wake, kwa kuwa paka wakubwa wengi huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Mwingine alikuja na robo ya kidonge cha parasetamoli, ati imtulize. Nikapiga simu Kabete. "Usithubutu! Hiyo ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua." Alichotaka kujua ni kama amekula, kwa sababu paka akikaa siku kadhaa bila chakula ini lake huanza kuharibika. Akaniambia nizipashe omena moto kidogo, harufu itoke.

Aliyejipa kazi ya ulinzi ni mpwa wangu. Tangu usiku wa maji alikuwa hasemi sana, na alikuwa ameanza kukojoa kwenye godoro, jambo alilokuwa ameliacha zamani. Watoto wengine walipokuja kuchungulia aliwazuia kwa mikono yote miwili. "Msimwangalie machoni. Anaogopa. Mkitaka kumwona mkae chini mnyamaze." Nao wakakaa.

Usiku huo mvua ilirudi. Iligonga paa la shule, na watu wazima wakaanza kuamka na kuulizana kama mto umepanda. Nilipapasa godoro, mtoto hayuko. Nilimkuta chini ya meza, amejikunja kando ya katoni, masikio ameyaziba. Nilimshika mguu nimvute arudi kulala. Nikasikia jinsi mguu ulivyokaza, nikakumbuka gunia. Nikauachilia. Nikavuta blanketi langu, nikalala sakafuni kando ya meza mpaka mvua ikapungua.

Asubuhi omena zilikuwa zimeisha. Mtoto alienda kumwambia Mama. Mama akaomba chai.

Mwezi wa Mei serikali iliamuru watu waondoke kando ya mito, na tingatinga zikaja. Nyumba yetu ikawa mabati yaliyokunjika. Tukahamia Githurai, kwa shangazi. Watu walituonya kwamba paka hufuata nyumba, ukihama naye atarudi alikotoka. Mama alijibu, "Atarudi wapi?" Lakini tulimfungia katika chumba kimoja wiki tatu, na katoni yake ileile, na leso ileile ambayo shangazi aliomba mara nyingi ifuliwe. Nilichukua soksi, nikamsugua nayo mashavuni, kisha nikaisugua kwenye pembe za mlango na miguu ya kitanda. Paka ana harufu yake kwenye mashavu, na akiikuta mahali anajua pale ni kwake.

Halafu ikaja tarehe 25 Juni 2024. Mchana vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Usiku, Githurai ilisikia risasi.

Sikio la paka hunasa sauti nyembamba mara tatu kuliko zile tunazoweza kuzisikia sisi. Sijui risasi ilikuwa nini ndani ya sikio la Deni. Mlio wa kwanza tu, alikuwa ameshaingia kwenye katoni chini ya kitanda. Nilifunga madirisha, nikateremsha mapazia, nikaweka taulo lenye maji chini ya mlango kwa ajili ya moshi wa vitoa machozi. Mlango nikaukomea, kwa sababu paka mwenye hofu akiona upenyo hachagui anakokwenda. Kisha nikaketi sakafuni. Sikumwita, sikumchungulia. Mtoto alitambaa akaingia chini ya kitanda, akalala kando ya katoni, nami sikumwita pia.

Mama naye akateremka, na goti lake, akaketi kando yangu. Tulikaa hivyo, mabega yakigusana, tukisikiliza. Nilianza kuongea kwa sauti ile ya chini. Bei ya unga. Nani alipata godoro. Kisha maneno mengine yakatoka.

"Mama, usiku ule wa maji, nilisema paka afe."

"Nilikusikia."

"Sikuwa namaanisha."

Risasi zililia tena, mbali kidogo. Mama alingoja zinyamaze.

"Ulikuwa umebeba mtoto, maji yako magotini, na mimi nakwambia habari za paka," akasema. "Usiku ule hata wewe ulikuwa paka. Na mimi ndiye niliyekuvuta shingo."

Hatukuongeza neno. Karibu na alfajiri Deni alitoka, akajinyoosha mguu mmoja mmoja, akala, akapanda kwenye miguu ya Mama iliyokuwa imenyooka pale sakafuni. Mtoto aliendelea kulala chini ya kitanda mpaka saa tatu.

Siku hizi katoni haitoki mahali pake, hata kukiwa na amani. Kadi ya chanjo ya Deni iko kwenye mfuko mmoja na vitambulisho vyetu, na picha yake iko kwenye simu yangu na ya shangazi, endapo atapotea. Leso imefuliwa mara moja tu. Alikataa kuilalia kwa siku nne.

Nilimuuliza Mama juzi kama anaona yule jirani wa chapati alishamaliza kulipa. Alikuwa anakanda unga, Deni amelala karibu na jiko.

"Bado," akasema. "Mimi ndiye namdai yeye, ama yeye ndiye ananidai, hapo sasa sijui."