Meza Tatu za Shangazi

Wakubwa wanapokutana kuzungumzia kuunganisha ofisi za Serikali, mazungumzo huwa ya gharama, mafungu na miundo. Mimi nikisikia neno hilo "kuunganisha" humkumbuka shangazi yangu, mwanamke wa mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyekuwa akichambua usipa kwa kupapasa kwa sababu macho yalikwisha kumwacha.

Ilikuwa mwaka 2010. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Wakati ule Nyasa haikuwa wilaya bado. Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vyote vya ziwani vilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, na mtu mwenye shida ya ofisi ya wilaya alilazimika kupanda milima ya Umatengo. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilometa 66 tu, lakini barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Shangazi alifika kwangu Mbinga mjini jioni, amechoka, barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji ameifunga kwenye pindo la khanga. Barua ilisema kwamba yeye ni mzee asiye na uwezo. Kesho yake tukasafiri hadi hospitali moja ambayo sitaitaja, wala mji wake sitautaja, kwa kuwa niliyoyaona huko yangeweza kutokea popote.

Vijana huenda hawajui kwamba kulipia matibabu katika hospitali za Serikali ni jambo lililoanza mwaka 1993, tulipoambiwa tuchangie huduma. Serikali haikuwasahau wanyonge. Iliweka msamaha kwa watoto wa chini ya miaka 5, kwa wajawazito, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kazi ya kuwatambua wasio na uwezo ikawa ya Afisa Ustawi wa Jamii. Mwaka 2001 ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa watumishi wa Serikali, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa ajili yetu sisi wa vijijini. Yote hayo yalikuwa mambo mema. Ila kila jambo jema lilikuja na meza yake.

Basi tulianza na meza ya kwanza, dirisha la kuandikisha wagonjwa. Kijana aliyekuwa pale akasoma barua, akasema, "Msamaha si hapa, nendeni Ustawi wa Jamii." Tukaenda meza ya pili. Mama aliyekuwa pale, mpole kabisa, akasema barua haina muhuri wa kata. Kisha akauliza kama mzee ana kadi ya mfuko. Ilikuwepo. "Basi jaribuni kule." Kwenye meza ya tatu tukaambiwa kadi ile ni ya zahanati na kituo cha afya cha kwao, haifiki hospitali kama hii, turudi Ustawi. Turudi Ustawi, afisa amekwenda mkutanoni.

Mlango wenye bango la "Maoni na Malalamiko" nao ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa.

Shangazi hakuwa akiyaona mabango hayo. Nilikuwa namshika mkono, namwambia, "Hapa ngazi, hapa kizingiti." Tulipokaa kwenye benchi akaniuliza, "Mwanangu, hawa si wote ni watu wa Serikali moja?"

Sikuwa na jibu, na sababu yake ni ya aibu. Mimi mwenyewe nilikuwa karani kwa miaka mingi. Maneno "hilo si la meza hii" niliyasema mara nyingi kuliko nilivyosema "karibu, kaa". Niliyasema bila ubaya, kwa kuwa yalikuwa kweli. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba jambo laweza kuwa kweli na bado likamrudisha mtu nyumbani akiwa kipofu.

Daktari wa macho alikuwa mgeni wa juma lile tu. Alipoondoka, sisi tulikuwa bado tunatafuta muhuri. Shangazi akarudi ziwani kama alivyokuja.

Sasa msomaji atasema: si ndiyo sababu ofisi hizo ziunganishwe? Nami nilidhani hivyo. Lakini tazama. Mwaka ule wa 2010 afya na ustawi wa jamii tayari vilikuwa chini ya wizara moja, na jina lake likisema hivyo wazi: Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Huko Dar es Salaam meza ya kwanza na meza ya pili zilikuwa zimekwisha kuungana. Kwetu zilitenganishwa na ukumbi mrefu. Mwaka 2015 wizara hiyo ikaunganishwa tena na ya maendeleo ya jamii, jinsia na watoto. Januari 2022 zikatenganishwa. Mgonjwa aliye kwenye benchi hakusikia lolote.

Kwa upande mwingine, mwaka 2012 Mbinga iligawanywa ikazaliwa Wilaya ya Nyasa, makao makuu Mbamba Bay. Huko ni kugawa, si kuunganisha, na bado ofisi ilisogea karibu na watu wa ziwani. Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama ofisi zimeungana au zimegawanyika. Nauliza mgonjwa anatembea hatua ngapi.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na kwa mara nyingine tunazungumza juu ya mifuko na vitambulisho. Naomba mambo mawili tu. Wanaotoa msaada, yaani wa msamaha, wa bima na wa kuandikisha, wakae meza moja, na karatasi izunguke yenyewe bila kumzungusha mgonjwa. Ila anayepokea malalamiko abaki peke yake, kwenye mlango wake, na mlango uwe wazi. Ukimuunganisha na wanaolalamikiwa, utakuwa umempa fisi kesi ya mbuzi.

Mwaka uliofuata tulirudi na muhuri wa kata. Meza zilikuwa zilezile tatu. Safari hii muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alimwona shangazi anapapasa ukuta. Akachukua karatasi mkononi mwake, akamwambia, "Mama, wewe kaa," akazizungukia meza zote yeye mwenyewe. Haikuchukua hata nusu saa.

Shangazi alipasuliwa jicho moja. Nilipokwenda kumtazama alikuwa ameketi mchangani mbele ya uteo wa usipa, anatoa vijiwe kimoja kimoja, akivirusha ziwani.