Ulezi wa Makinda

Kiswahili kina maneno yaliyo pacha kwa sura na wageni kwa maana. Ulezi ni kazi ya kumtunza mtoto mpaka aweze kujitegemea. Na ulezi ni nafaka, punje ndogo za rangi ya udongo mwekundu, ambayo huko Kenya huitwa wimbi, na ambayo kwa karne nyingi imekuwa uji, ugali na pombe ya watu wa Ufipa. Kamusi huyaandika maneno hayo mbalimbali, na kamusi haikosei. Walakini katika nyumba moja mjini Sumbawanga yalikutana ndani ya kisanduku cha mbao kisichozidi ukubwa wa matofali mawili, na mwenye nyumba hakuweza kuyatenga tena.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka mingi, na alipostaafu mikono yake ilikosa kazi. Ndugu yake wa Dar es Salaam akamletea jozi mbili za kasuku wadogo wa Australia. Walisafiri kwa basi siku mbili, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, tundu lao likiwa limefunikwa kanga, wakafika juu ya uwanda wa Ufipa wakiwa wamejikunyata kama abiria wengine. Majirani walikuja kuwatazama. Mmoja alidai kuwa ni vifaranga wa kuku waliotiwa rangi. Mama yake mwalimu, ajuza aliyekuwa akiishi naye, alikaa mbele ya tundu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa huliwa?" Mwalimu akajibu, "La, mama, hawaliwi." Mama akauliza tena, "Mayai yao je?" Akaambiwa kuwa mayai hayaliwi vilevile. "Basi," akasema, "hapa anayeliwa ni wewe."

Neno hilo lilikuwa la mzaha, lakini lilikuwa na haki yake. Katika Ufipa, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, ndege wa nyumbani hujulikana kwa faida yake: kuku kwa mgeni na kwa ada ya karo, njiwa kwa kitoweo cha mgonjwa. Ndege wa kutazamwa tu ni jambo la ajabu. Mwalimu alijitetea kwa vitabu. Ndege huyu, alieleza, uzito wake ni gramu 30 hadi 40. Kwao huruka kwa makundi makubwa katika nchi kavu ya ndani ya Australia, akiwa na rangi ya kijani na manjano yenye mawimbi meusi mgongoni. John Gould, Mwingereza aliyeandika habari za ndege, alifika na ndege hao hai Uingereza mwaka 1840. Kabla karne hiyo haijaisha, wafugaji wa Ubelgiji walikuwa wamepata wa manjano na wa buluu. Tangu hapo wamezaliwa tunduni, kizazi baada ya kizazi, hata hawana pori la kurudi.

Mwalimu alipenda sana kutaja sehemu hiyo ya mwisho, maana ilimtenga na watu wa namna nyingine. Tanzania ina kasuku wake wadogo, wale ambao wengine huwaita cherero. Mmoja wao, mwenye uso wa rangi ya chungwa, hupatikana nyanda za kaskazini, kusini ya ziwa Victoria na katika Serengeti. Alielezwa na mtaalamu wa Kijerumani Reichenow mwaka 1887 na kupewa jina la msafiri Fischer. Katika miaka ya 1980 ndege huyo alinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi uliotisha, akawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kuliko wote duniani. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwalimu alisema kuwa yeye hakumnyang'anya ndege yeyote mti wake. Hoja hiyo ni kweli. Lakini ni nusu tu ya hoja. Asiyenyang'anywa pori hana pa kukimbilia mfugaji anapokosea. Kasuku wa tunduni akifunguliwa juu ya uwanda wa Ufipa hataishi juma moja. Atakutana na mwewe au na baridi. Kila alichonacho, tangu punje hata joto, yuko mtu anayemdai.

Kwa chakula, Ufipa ilikuwa nchi ya neema. Kwao ndege hawa hula mbegu za nyasi, na ulezi, uwele na mtama ni nyasi zilizofundishwa adabu na mkulima. Ulezi una chokaa nyingi kuliko nafaka nyingine, ile chokaa ambayo hujenga mifupa na maganda ya mayai. Haikutosha peke yake. Jike anayetaga akipungukiwa na chokaa, yai humkwama tumboni na huweza kumwua. Watu wa pwani hutundika tunduni mfupa mweupe wa samaki jamii ya ngisi. Sumbawanga iko mbali na bahari, basi mwalimu aliosha maganda ya mayai ya kuku, akayachemsha, akayakausha na kuyasaga. Aliongeza mchicha, yai lililochemshwa, na mbegu zilizolowekwa mpaka zikachipua. Parachichi, tunda zuri kwa watoto, alilipiga marufuku karibu na tundu, kwa kuwa ni sumu kwa ndege hawa.

Jike na dume hutambulikana kwa ngozi iliyo juu ya mdomo: ya dume huwa ya buluu, ya jike anayetaka kutaga hugeuka rangi ya kahawia. Kasuku hawa hawajengi kiota. Kwao hutumia tundu la mti. Mwalimu alimwagiza seremala kisanduku chenye mlango wa duara, na sakafu iliyochongwa bonde katikati. Seremala alicheka bonde hilo, akaliona kazi ya bure. Lakini pasipo bonde mayai hutawanyika, na kinda anayekua juu ya ubao laini miguu yake hupanuka kama ya chura, asiweze kusimama maisha yake yote. Majike wawili waligombana kwa ajili ya visanduku, basi jozi ya pili ikahamishiwa ukumbini, na ya kwanza ikabaki sebuleni. Ugomvi huo mdogo ulikuwa na manufaa ambayo hapana aliyeyajua siku hiyo.

Kosa la mwalimu lilikuwa katika majira. Alitundika visanduku mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinakwisha na mavuno yakikaribia. Aliona wingi wa nafaka, akasahau kwamba nyuma ya mavuno ya Ufipa huja kipupwe. Mji ule uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya bahari, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, na katika Juni na Julai baridi ya usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ndege hawajui kalenda; hujua shibe. Walishiba, wakataga.

Jike wa sebuleni alitaga mayai 5, moja kila baada ya siku moja kupita. Huanza kuatamia mapema bila kungoja yai la mwisho, na kila yai huchukua siku kama 18; kwa hiyo makinda hawaanguliwi pamoja. Kifungua mimba alipokuwa na siku kama 8, kitinda mimba alikuwa ndiyo kwanza anatoka katika ganda, uchi, kipofu, wa gramu 2 tu, chini ya miguu ya ndugu aliyemzidi mara kadhaa. Mwalimu alikuwa amefundisha darasa lenye watoto wa umri mbalimbali, akadhani ameona mfano wake hapo. Dume alimlisha jike, jike akawalisha makinda kwa chakula laini kilichotoka kooni mwake. Mwenye nyumba alifungua kifuniko mara moja kwa siku, akatazama magole yao, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, ambao ukijaa huonekana wazi kwa wembamba wa ngozi. Magole matano yakijaa alitembea siku nzima kama mtu aliyelipwa mshahara.

Usiku mmoja katikati ya Juni upepo ulivuma kutoka milima ya Mbizi, na umeme ukakatika. Taa iliyokuwa ikitia joto kando ya tundu ikazimika. Mwalimu aliona makinda wametetemeka. Akawasha jiko la mkaa nje, akangoja moshi uishe, kama watu wengi wafanyavyo, akaliingiza sebuleni. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia. Mjukuu wake wa miaka 6, aliyependa kulala karibu na ndege, alikuwa amelala juu ya mkeka hapo hapo. Mwalimu akaenda kulala na moyo mtulivu.

Mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Katika chumba kisicho na hewa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Ndege huisikia kwanza kuliko mtu, kwa kuwa hupumua upesi, na hewa hupita katika mapafu yake akivuta na akitoa. Kwa sababu hiyo wachimba makaa wa Uingereza, kwa shauri la mtaalamu John Scott Haldane, walishuka mashimoni na ndege wadogo waitwao kanari, na desturi hiyo haikukoma mpaka mwaka 1986. Mwalimu alikuwa amewahi kulisoma jambo hilo darasani, katika somo la sayansi. Kujua kwa darasani na kujua kwa sebuleni ni elimu mbili.

Kilichomwamsha ni kishindo kidogo, cha gramu 35 kuangukia sakafu ya tundu. Aliingia na tochi. Dume alikuwa chali. Jike alikuwa ametoa kichwa mlangoni mwa kisanduku, mdomo wazi. Mwalimu akafungua tundu, akainama, akamwokota dume, akaanza kumpuliza. Ndipo mama yake alipopita nyuma yake kwa haraka isiyo ya umri wake, akasukuma dirisha, akamvuta mjukuu kwa mikono miwili mpaka uani. Mtoto alitapika, akalia kwamba kichwa kinamwuma. Wakamweka katika hewa baridi, amefungwa blanketi, hata kulipokucha wakampeleka hospitali, akapona.

Kwa kweli hayo yote hayakuzidi dakika moja. Mtu aliyeamka usingizini hana hesabu nzuri, na hapana mtu aliyemlaumu. Lakini mwalimu alijua mkono wake ulikwenda wapi kwanza. Mama naye aliona. Hakulisema jambo hilo usiku ule, wala asubuhi, wala baadaye. Na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko karipio, maana karipio hujibiwa.

Dume alikufa, na jike akamfuata kabla ya jua kuchomoza. Makinda wawili wakubwa walikuwa wamekufa kisandukuni. Watatu wadogo walikuwa hai. Mwalimu alitaka kuwaacha. Alisema kuwa kazi hiyo imekwisha, kwamba atawarudisha hata wale wa ukumbini Dar es Salaam. Mama ndiye aliyekataa. "Uliwaita wewe," akasema. "Mgeni haitwi akafukuzwa kwa kosa la mwenyeji."

Jike wa ukumbini alikuwa na makinda wanne wa umri uliokaribiana na wale. Wakamwekea yatima wawili katikati ya wanawe, akawalisha bila kuuliza nasaba. Ndege hawa huwa na ukarimu huo. Wa tatu, kitinda mimba, alikuwa mdogo mno, angekanyagwa. Ajuza akamchukua. Alisaga ulezi, akauchunga mara mbili, akapika uji mwepesi, akauchanganya na kiini cha yai. Mwalimu akamfundisha kupima joto: uji wa moto huchoma gole, uji wa baridi hulala humo ukaoza. Kijiko kidogo kilikunjwa kingo zake kikawa kama mdomo. Kila saa mbili mchana, na mara kadhaa usiku, mama na mwana waliketi pamoja juu ya kikapu kilichotiwa maranda safi ya mbao. Joto halikutoka tena katika mkaa. Lilitoka katika chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Yamkini katika usiku huo walizungumza zaidi kuliko walivyozungumza katika miaka kumi iliyotangulia, ingawa habari za usiku ule wa jiko hazikutajwa.

Mwalimu alizitaja mahali pengine. Alikwenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba, katika miezi ya baridi, akawaambia wasilale na jiko ndani. Wengine walimwambia kuwa wazee wao walilala na moto. Akawajibu kwamba nyumba za wazee zilikuwa za nyasi, zenye kupumua, na hizi za sasa zina saruji na vioo. Alipoulizwa amejuaje, hakuficha: alisimulia habari za ndege, za mtoto, na za mkono wake ulivyokwenda.

Kinda alifumbua macho, akaota manyoya ya buluu, na mwishoni mwa Julai akaruka kutoka kikapuni hata begani mwa ajuza, akitua vibaya. Visanduku vilioshwa, vikaanikwa juani, vikawekwa darini kungoja mvua za Novemba. Jiko hukaa barazani. Ajuza aliweka kando debe moja la ulezi wa mwaka ule, na wapishi wa pombe walipokuja kuliulizia akawaambia kuwa lina wenyewe.